Bahasha ya Nane

Kwenye droo ya vijiko, chini ya mabomba ya maji ya jikoni, palikuwa na bahasha nyeupe yenye jina la Firmin. Adelina ndiye aliyeitia humo, na mumewe hakujua.

Mumewe, Vedasto, alikuwa mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba pale Hässelby, Uswidi. Nyumba zenyewe nane, nne zimezipa mgongo nne, na katikati ya bustani zao umepita ukuta mrefu wa matofali ya saruji. Upande huu Vedasto na Adelina, watu wa Muleba, Tanzania. Upande ule Firmin na Célestine, watu wa Uvira, Kongo. Barafu ya miaka mingi iliupasua ukuta ule, ukalalia upande wa Firmin kama mlevi anayetafuta bega. Kwa kuwa ulikuwa wa wote, mzigo ulikuwa wa chama: kutafuta fundi, kuzungushia utepe, na kumpelekea kila mwenye nyumba barua wiki mbili kabla, imwambie siku ya kubomoa na kwamba siku hiyo mtu asikanyage bustanini.

Vedasto aliandika barua nane. Saba alizipeleka kwa mkono wake. Ya nane alimpa mkewe, maana Adelina na Célestine walikuwa hawapitishi siku tatu bila kuonana.

Lakini Adelina aliitazama ile bahasha ikamchoma. Kwao jirani hupelekewa karatasi akishashtakiwa. Mtu unayekula naye sahani moja humpi barua, unakwenda kwake, unakaa, unaulizia watoto, ndipo unasema. Akaitia bahasha drooni, akasema moyoni, nitawaambia kwa mdomo.

Jumapili baada ya misa akabeba sufuria ya ndizi, akazunguka hadi kwa Firmin. Akakuta shangazi watatu kutoka mtaa wa Fittja wamejaa kwenye kochi. Habari za kubomoa huziweki mbele ya wageni wa mtu, wataona umekuja kumsema. Akala sombe, kisamvu cha Kikongo, akaisifu, akarudi. Jumapili ya pili Célestine alikuja mwenyewe, macho mekundu, mama yake mgonjwa kule Uvira. Siku hiyo nayo haikuwa siku ya ukuta. Wakalia pamoja. Baada ya hapo jambo likamtoka kichwani, kama chumvi inavyomtoka mpishi mwenye wageni wengi.

Jumanne saa tatu asubuhi Adelina alikuwa jikoni anatwanga karanga. Akasikia tingatinga linanguruma nyuma ya nyumba, kisha pigo la kwanza, vikombe vikatetemeka kabatini. Hapo ndipo likamrudia. Akatoka mbio na mchi mkononi, kandambili moja mguuni, nyingine imebaki mlangoni.

Fundi Amir alikuwa juu ya tingatinga, masikio kayaziba na vile vizibo vyao. Adelina akampungia mchi, akaita, sauti ikamezwa na mashine. Vedasto aliyesimama pembeni na kizibao chake cha kung'aa akadhani mkewe anamwita chai.

Upande wa pili Célestine alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta, anapanda lengalenga, mchicha wa kwao, maana pale ndipo jua lilipokaa zaidi. Mngurumo aliusikia. Lakini barabara ilikuwa inachimbwa tangu Machi, mashine hazikuwa ajabu.

Mkono wa chuma ukasukuma. Ukuta haukuanguka mara moja. Ulitoa mlio kama jino linalong'olewa, ukakaa kidogo, kisha kipande kipana kama mlango kikaenda chote. Vumbi likapanda. Ndani ya vumbi ukatoka ukelele wa Célestine.

Vedasto akaruka tundu. Akamkuta amelala chali, mguu wa kushoto umefunikwa kuanzia gotini, damu inachora njia kwenye udongo mweusi alioutifua mwenyewe. Akainama, akashika tofali la kwanza, akaliinua.

Firmin alikuwa dereva wa basi, ametoka zamu ya usiku, yumo usingizini. Alitoka peku, ana bukta tu. Alichokiona ni ukuta umevunjwa, mkewe chini, na mwanamume amesimama juu yake na tofali mikononi. Kule Uvira askari waliingia uani kwao vilevile, kwa kuvunja ukuta, na kaka yake hakutoka chini ya yale mawe. Firmin akaokota sepetu aliyokuwa akichimbia mkewe.

Pigo la kwanza lilimpata Vedasto begani, mtulinga ukalia kama kuni kavu. La pili mbavuni. Vedasto akaanguka juu ya matofali, akainua mkono ulio mzima, na sepetu ikaushukia mkono ule.

"Mumeniulia bibi," Firmin alisema. Hakupiga kelele. Alilisema kwa kila pigo, taratibu, kama anayehesabu. "Mumeniulia bibi."

Amir akashuka, akamkumbatia kwa nyuma. Kiwiko kikamvunja pua, na alipojaribu tena, ncha ya sepetu ikampasua juu ya jicho, nyama ikaning'inia. Akakaa chini, ameshika uso kwa mikono miwili.

Firmin akamgeukia Vedasto. Safari hii aliigeuza sepetu, makali yakaelekea shingoni.

Adelina akaingiza mchi. Hakuchagua mahali. Ulimpata Firmin mdomoni, na Adelina akasikia meno yakivunjika kupitia mti wenyewe, hadi kwenye viganja. Akampiga tena, sikioni. Firmin akapiga magoti. Adelina akauinua mara ya tatu.

"Mama Optatus," Célestine alimwita Adelina kwa jina la mwanawe, kutoka chini, sauti ndogo. "Mumuache. Anitoe kwanza."

Mchi ukabaki hewani, kisha ukashuka. Firmin akatambaa hadi kwa mkewe, damu inamchuruzika kidevuni, akaanza kuondoa matofali kwa mikono. Adelina akapiga magoti kando yake. Hawakutazamana. Walipofika chini kabisa waliona mfupa, mweupe, umetoka nje ya ngozi.

Magari yakaja, la wagonjwa na la polisi. Firmin akatiwa pingu, mikono nyuma. Veronica, katibu wa chama, mama wa Kiswidi mwenye jalada lake kwapani, akamweleza askari mwanamke kwamba barua nane ziliandikwa na nane zikapelekwa. Aliyeonywa akabaki bustanini, alisema, amebaki kwa hiari yake.

"Hatukuambiwa," Firmin alisema kwa mdomo uliovimba.

Vedasto alikuwa kwenye machela, kijivu kama saruji yenyewe. "Uliipata," akamjibu. "Mke wangu aliileta kwa mkono wake."

Firmin akamtazama Adelina. Célestine naye, kwenye machela ya pili, akamtazama. Adelina akajua kwamba akinyamaza Firmin atakwenda jela kama mtu aliyeonywa kisha akataka kuua kwa ukorofi, na akisema, kosa litarudi kwenye chama, na mwenye chama ni mumewe, naye hapo hawezi hata kukohoa.

Akarudi nyumbani kwake, hadi jikoni. Droo ikakwama, akaivuta, vijiko vikamwagika sakafuni. Alipotokea na bahasha, Vedasto akaiona na akaielewa.

"Mama Optatus," alisema polepole. "Rudisha hiyo ndani."

Adelina akapita kwenye tundu la ukuta, akikanyaga lengalenga. Firmin hakuwa na mikono ya kupokelea, kwa hiyo akaichana bahasha mbele yake, akamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno: siku, saa, na kwamba mtu asikanyage bustanini.

"Ilikuwa kwangu," akasema. "Wiki mbili. Niliona haya kukuletea karatasi, shemeji."

Firmin akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtemea mate usoni, damu na kipande cha jino.

Adelina hakujifuta. Akamgeukia yule askari, akampa barua iliyorukiwa matone mekundu, akamweleza kwa Kiswidi chake cha kukatikakatika ilikuwa imekaa wapi, na nani aliiweka.