Mixa Isiyomvumilia Shangazi

Kufikia duka la tatu, Kishindo alikuwa ameshachoka kuisikia sauti ya shangazi yake. Si kwamba hakumpenda. Huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa binti mdogo, na huyo huyo ndiye mshereheshaji wake: harusi yoyote ambayo Kishindo anapiga muziki, Shangazi ndiye anayeshika maiki na kukaribisha wageni. Lakini kumpenda mtu ni kitu kimoja, na kuzunguka naye madukani tangu asubuhi ni kitu kingine kabisa. Jua kali, wewe unavuta sanduku lenye pleya mbili za muziki ndani yake, gurudumu moja limeng'oka, na mwenzako kila akiona maiki anaikamata kama aliyeokota kitu chake kilichopotea.

"Mabibi na mabwana," Shangazi akaanza, bila hata kumsalimia mwenye duka, "wageni waalikwa na mliojialika wenyewe..."

"Shangazi, haijawashwa."

"Najua. Naizoea mkononi kwanza."

Kishindo akasonya kimoyomoyo. Kwa sauti asingethubutu.

Aliyewatia kwenye hekaheka hizi ni mwenye ukumbi wa harusi wanakofanyia kazi. Miaka yote Kishindo alikuwa akitumia kontrola, ule ubao mmoja wenye magurudumu mawili, unaoitegemea kompyuta kama mtoto mchanga anavyomtegemea mama yake. Kompyuta ikizima, kontrola nayo haina la kusema. Sasa kwenye harusi iliyopita, bibi harusi kafika mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine hewani, anasubiri mdundo uanze ndipo akanyage. Kompyuta ikaganda. Bibi harusi naye akaganda. Shela limeshikwa nyuma, mama mkwe kakodoa macho, na Kishindo anabofya huku na huku, jasho linamwingia machoni. Shangazi akaziba pengo kwa hotuba. Hotuba ikawa ndefu mpaka ule mguu ukashuka wenyewe kwa uchovu.

"Jumamosi nawapa nafasi ya mwisho," mwenye ukumbi alisema baadaye, akipanga viti kwa hasira. "Kompyuta sitaki kuiona humu. Na ile spika ya kukokota anayochomekea maiki yake shangazi yako, iacheni nyumbani, inalia kama bati. Kila sauti ipite kwenye spika za ukumbi. Mkiweza, sherehe zote za hapa ni zenu. Mkishindwa, kuna vijana wananipigia simu kila siku."

Pleya mbili Kishindo alikuwa nazo, aliuziwa na mpiga muziki mmoja aliyeacha kazi akaenda kufuga kuku. Kilichokosekana ni mixa, mashine ya kukaa katikati, ipokee muziki wa pleya hii na wa pleya ile na sauti ya maiki, ivichanganye, ivipeleke kwenye spika. Kontrola akaiuza ili apate pesa ya mixa. Kwa hiyo nyuma hakuna pa kurudi, na mbele pesa ni ile ile, haiongezeki hata ukiitikisa.

Mwenye duka la tatu mtaa mzima ulimwita Orijino, kwa sababu kila alichouza, hata pini, alisema ni orijino.

"Dada, kwa pesa yako nina mbili," akasema. "Hii hapa mpya, njia nne za muziki, taa, vionjo vya sauti kumi na ngapi sijui, mwangwi, mawimbi, ndege inaruka. Orijino. Na ile pale, iliyotumika. Njia mbili tu. Sikufichi, imechoka kwa sura."

Ile iliyotumika ilikuwa imechubuka rangi pembeni, na kitufe chake kimoja cha kuzungusha kilikuwa kimepotea, mtu akapachika kifuniko cha dawa ya meno badala yake. Kishindo hakuitazama mara mbili. Macho yake yote yalikuwa kwenye taa za ile mpya. Zilipanda na kushuka na muziki, kijani, njano, nyekundu. Akafungua sanduku, akachomeka pleya zake, akavaa hedifoni, akaanza kusikiliza wimbo mmoja sikioni huku mwingine ukitoka nje.

"Mabibi na mabwana," ikasema sauti karibu na bega lake.

"Shangazi, naomba nisikilize."

"Sikiliza, nani kakukataza? Mimi naijaribu maiki. Kwani kazi hii unafanya peke yako?"

"Maiki tundu lake lipo. Nimeliona."

"Hata pua ina matundu, lakini mafua yakikubana utajua."

Orijino akacheka. Kishindo hakucheka. Alivua hedifoni, akavuta pumzi, akasema kwa adabu yote iliyombakia, "Shangazi, nje kuna kivuli na kuna benchi. Nenda kapumzike kidogo. Nikimaliza nakuita."

Shangazi akamtazama kutoka utosini mpaka kwenye viatu. "Haya, mwanangu. Leo nimekuwa mzigo." Akatoka na mkoba wake, mgongo umenyooka kama aliyekatazwa kuinama.

Humo dukani, Kishindo akafaidi utulivu. Alitelezesha kile kitufe cha katikati kinachohamisha muziki upande huu na ule, kikateleza kama kimepakwa mafuta. Alibonyeza mwangwi, akabonyeza mawimbi, ndege ikaruka. Maiki hakuigusa kabisa. Akalipa, na wala hakubembeleza bei ipasavyo, kwa kuogopa Shangazi asije akarudi ndani.

Walipofika nyumbani Shangazi hakununa, maana kununa ni kazi na yeye alikuwa na hamu. Sebuleni Kishindo akapanga meza, akaunganisha nyaya, muziki ukajaa chumba. Walikuwa na utaratibu wao tangu zamani: Shangazi akiinua leso nyeupe, Kishindo anashusha muziki taratibu kwa kidole, leso ikishuka, muziki unapanda. Hawaangaliani usoni, leso tu.

Shangazi akachukua maiki, akakohoa kidogo kusafisha koo.

Muziki ukazimika.

Ukarudi.

"Umefanya nini?" Shangazi akauliza ndani ya maiki. Muziki ukazama tena, ukarudi alipofunga mdomo.

"Sijagusa kitu!"

"Sasa mbona," muziki chini, "unakatika," muziki juu, "kama una kwikwi?" Chini, juu.

Kishindo akageuza mashine, akakagua mbele, nyuma, mpaka tumboni. Akaikunjua karatasi ya maelezo iliyokuja nayo, akasoma. Mixa ile ilitengenezwa hivyo: ikisikia sauti yoyote kwenye maiki, yenyewe inaushusha muziki, iwe hotuba, iwe pumzi, na pa kuizuia isifanye hivyo hapakuwepo. Kwa mshereheshaji mwingine, anayesema maneno mawili akaizima maiki, ingefaa. Lakini Shangazi, toka aanze kazi hiyo, maiki haizimi wala haiweki chini. Huimba nayo chinichini, hucheka nayo, humwambia mpishi alete maji nayo. Harusi nzima ingekuwa kwikwi.

"Usiongee, basi, mpaka niinue mkono," Kishindo akasema.

"Sawa."

Muziki ukakatika kwa ile "sawa".

"Na usipumue karibu nayo!"

"Nipumulie wapi, jikoni?"

"Shangazi, jamani! Shangazi!" Kishindo akajitupa kwenye kochi, akafunika uso kwa mto. Kilichomkera hasa hakikuwa mashine. Alijua nani alimpeleka Shangazi kwenye benchi. Angemwacha aseme ile "mabibi na mabwana" yake mara moja tu dukani, haya yote wangeyaona hapo hapo.

Shangazi akaketi pembeni yake, maiki bado mkononi. "Kwani nimekosea nini?" akauliza polepole, na hata kwa sauti hiyo ndogo muziki ukazama.

"Hujakosea," Kishindo akasema ndani ya mto. "Mimi ndiye nilikutoa nje."

"Ehee. Hilo nilikuwa nalisubiri." Akampiga kibao chepesi pajani. "Inuka. Funga sanduku."

Orijino alipowaona wakiingia tena, alianza kutikisa kichwa kabla hawajasalimia. "Mama, dada, bidhaa ikishatoka hairudi. Pale ukutani nimeandika kwa wino mwekundu."

"Haina kosa, kaka," Kishindo akasema. "Haitufai tu. Nibadilishie kwa ile iliyotumika, na kinachozidi kibaki kwako."

"Ile nimeshamwahidi mtu."

"Nani?"

"Mtu."

"Nifikirie basi hata..."

"Dada, wino mwekundu."

Jumamosi imeshakaa mlangoni, mixa ya kwikwi iko sandukuni, kontrola iko kwa watu. Kishindo akafungua mdomo aseme neno ambalo hakulelewa kulisema. Ndipo akaiona leso nyeupe ikiinuka.

Shangazi alikuwa amesimama penye ile mixa iliyochubuka. Orijino alikuwa ameiwasha baada ya wao kuondoka, inapiga muziki kwa spika mbili zilizotazama barabarani kuvutia wateja. Maiki ilikuwa imechomekwa. Kishindo hakufikiri, akaisogelea, vidole vikaenda vyenyewe. Akaushusha muziki taratibu, ukabaki chini, laini, haukukatika.

"Mabibi na mabwana," spika zikasema mtaa mzima, "mnaopita na mnaojifanya mnapita! Karibuni dukani kwa kijana wetu Orijino, kijana mwenye moyo wa dhahabu..." hapo akakohoa, akacheka, akasema "samahani," na muziki ulikuwa unaendelea tu chini yake, "...ambaye muda huu, mbele ya macho yenu, anakwenda kumbadilishia binti yangu mixa. Njooni tumpigie makofi!"

Muuza nyanya akasimama. Fundi viatu akatoa kichwa. Wanafunzi waliokuwa wakitoka shule wakajaa mlangoni, na wale wasiojua kinachoendelea ndio waliopiga makofi zaidi.

"Mama," Orijino akasema, "naomba hiyo maiki."

"Amesema anaomba maiki, ili atoe hotuba ya shukrani!"

"Mama, tafadhali!"

"Ana haya, wageni waalikwa. Vijana waliolelewa vizuri ndivyo walivyo."

Orijino akamgeukia Kishindo. "Huyu mama huwa ananyamaza saa ngapi?"

"Mimi naishi naye," Kishindo akasema. "Sijawahi kuona."

Orijino akatazama wino wake mwekundu ukutani, akatazama umati uliokuwa ukiongezeka na bado haununui kitu. Akaichomoa ile mixa iliyochubuka, nyaya na vyote, akamkabidhi Kishindo mikononi. "Chukua. Mtu niliyemwahidi nitajua cha kumwambia. Lakini shangazi yako aondoke na wewe."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kompyuta hakuna, spika ya kukokota hakuna, ni pleya mbili na ile mixa ndogo katikati. Mwenye ukumbi alisimama nyuma ya Kishindo, mikono kifuani, akikitazama kile kifuniko cha dawa ya meno kama anayetazama mende kwenye sahani.

"Hii ndiyo uliyoniletea?"

"Subiri, baba."

Bibi harusi akafika mlangoni. Leso ikapanda, muziki ukashuka. Shangazi akamkaribisha, akamsifu, akamtania bwana harusi kwamba amependeza leo, tutaona kama na kesho atapendeza. Leso ikashuka, muziki ukapanda, na bibi harusi akakanyaga ndani sawasawa na mdundo, mguu kwa mguu, hadi jukwaani. Wifi zake wakapiga vigelegele mpaka glasi zikatetema.

Mwenye ukumbi akashusha mikono. Lakini Shangazi alikuwa ameshaanza tena. Akasimulia bwana harusi alivyokuwa mtoto, na hakuwahi kumjua. Akahamia kwa babu wa bwana harusi. Wapishi wakasimama na masinia mlangoni, chakula kinapoa.

Mwenye ukumbi akainama sikioni kwa Kishindo. "Jumamosi ijayo mje, na ile inayofuata. Sherehe ni zenu. Ila huyo mama, kwa kweli, tutafanyaje? Hapunguziki?"

Miaka yote Shangazi alikuwa na spika yake mwenyewe, na hakuna mkono uliowahi kuifikia. Kishindo akashika kifuniko cha dawa ya meno, ambacho ndicho cha sauti ya maiki, akakizungusha kushoto, taratibu kabisa, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Babu wa bwana harusi akafifia, akafifia, akaisha. Muziki ukapanda, masinia yakaingia.

Kule jukwaani Shangazi bado alikuwa anasema, mkono unapunga, leso inapepea, amefurahi.

"Siku hizi anapunguzika," Kishindo akasema.