Mipini Minne ya Kapteni Sofa

Dada amefaulu. Naanzia mwisho kwa sababu habari hii imenijaa mpaka kooni, na kwa sababu kuna mtu anazunguka huko nje akisema yeye ndiye aliyemfundisha. Mtu mwenyewe ni mchumba wa dada, shemeji yangu mtarajiwa. Mimi na mama tunamwita Kapteni Sofa. Ndege pekee aliyowahi kuigusa ni ile ya kwenye kompyuta, sebuleni kwetu, na hiyo nayo aliiangusha.

Dada alikuwa anasomea urubani. Ndege yao ya mafunzo ni kadude kadogo ka injini moja, ukifunga mlango kwa nguvu unajisikia vibaya kama umekapiga kofi. Kila kitu alikuwa anakiweza isipokuwa kutua. Mtihani wa kwanza alishuka vizuri, akachelewa kupunguza nguvu ya injini, ndege ikaelea juu ya njia kama mgeni anayeaga lakini haondoki. Mtahini akamnyang'anya usukani. Kwenye shule yao kuna nafasi ya pili, ya tatu hakuna. Ukifeli tena unaacha kitambulisho getini na ndoto yako unarudi nayo nyumbani.

Mwalimu wake, mama mmoja mfupi asiyepoteza maneno, akamwambia, "Mikono yako haijazoeana. Wa kushoto ushike usukani, wa kulia ushughulike na mafuta. Nunua vifaa vya simyuleta, vya kurushia ndege ya kwenye kompyuta, vifanane na vya ndege yetu, ujifunze nyumbani mpaka mikono ijue yenyewe."

Kwa asiyejua: kwenye gari unakanyaga mafuta kwa mguu. Kwenye ile ndege kuna kifundo cheusi kwenye dashibodi, kimekaa kwenye kijiti cha chuma, katikati, mkono wako wa kulia. Ukikisukuma ndani injini inanguruma, ukikivuta nje inatulia. Basi. Hata mama alielewa, na mama akipanda stuli tu anasali.

Tukaenda dukani, mimi na dada, na Kapteni Sofa akajipa cheo cha mshauri. Huyu kaka anauza bima. Sina ugomvi na bima. Ila alikuwa ametazama video kadhaa za marubani, basi akawa anatembea mle dukani mikono nyuma, anagonga vitu kwa kucha kama anakagua matikiti.

Muuzaji akamuuliza dada, "Unarusha ndege gani?"

"Kubwa tu," Kapteni akajibu. "Tunaelekea kwenye kubwa."

Dada alikuwa ameshakiona anachokitaka. Usukani wa kawaida, na pembeni kiboksi kidogo chenye vifundo viwili, cheusi cha mafuta na chekundu cha kuzimia injini. Akakivuta kile cheusi taratibu, akatabasamu. Nilimwona. Ilikuwa sawa na mtu aliyekutana na rafiki yake sokoni.

"Mpenzi," akasema Kapteni, "hivyo ni vifundo vya droo."

"Ndivyo vilivyo kwenye ndege yetu."

"Leo. Na kesho? Utanunua mara mbili?" Akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu. Pale palikuwa na dubwana lenye mipini minne mirefu ya mafuta, mmoja kwa kila injini ya ndege kubwa, taa za bluu chini yake, vitufe kila mahali. "Hii ndiyo mashine. Ukiwa na hii hata mtahini anakuogopa."

"Mtahini haji nyumbani, shem," nikasema.

"Wewe mdogo wetu ulisomea nini chuo?"

"Masoko."

"Basi subiri tukienda sokoni."

Akacheka peke yake. Na dada, dada yangu mwenye akili zake, akakubali. Alikuwa bado ameumizwa na ule mtihani, na mtu aliyeumizwa anamfuata yeyote anayeongea kwa sauti. Aliyechagua ni Kapteni, aliyelipa ni dada, aliyebeba ni mimi.

Sasa kuvifunga. Vilikaa kwenye meza yetu ya kulia chakula, kwa vibanio vya skrubu, na tangu siku hiyo sisi tukawa tunakula na sahani mapajani. Usukani ukakaa katikati. Ile mipini minne Kapteni akaifunga kushoto. Unajua kwa nini? Kwa sababu sofa liko kushoto. Marafiki zake wakija kutazama wakae waone taa. Kulia kulikuwa na ukuta, na kwa maelezo yake ukuta hauoni kitu.

Dada akasema, "Lakini kwangu mafuta yako kulia."

"Mkono ni mkono, mpenzi. Rubani wa kweli anatumia yote."

Huyo ndiye bwana tuliyekuwa tunamwandalia chai. Injini moja, mipini minne, mkono usio wake, na bado akisimama pale anasema "taratibu, taratibu, sasa vuta," wakati yeye alipokaa mwenyewe aliipeleka ndege moja kwa moja kwenye jengo la abiria, kisha akalaumu kompyuta yetu kuwa nzito. Marafiki zake wakampigia makofi. Sijui walimpigia kwa lipi.

Dada akajifunza hivyo hivyo, kila jioni, bila kukosa. Mikono ikazoea. Hilo ndilo balaa lenyewe, kwamba mikono ni mitiifu, ukiifundisha upuuzi inaushika vilevile.

Akaenda kuruka na mwalimu. Wanashuka, ardhi hiyo inakuja, mwalimu anasema punguza nguvu. Dada mkono wa kulia ukakimbilia usukani, wa kushoto ukaenda kutafuta mpini. Kushoto kwenye ile ndege kuna mlango. Akashika kitasa, akavuta. Mlango ukafunguka kidogo, upepo ukaingia ukabeba ramani, na ndege bado inaelea. Mwalimu akaitua mwenyewe, akazima injini. Halafu akauliza, "Nani alikuambia injini inakaa mlangoni?"

Dada alirudi nyumbani hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikaa mbele ya zile taa za bluu akiangalia viganja vyake.

"Mtihani wiki ijayo," akasema.

Kapteni alipopigiwa simu alisema ile ndege ya shule ndiyo imetengenezwa vibaya.

Tukakimbilia dukani kubadilisha. Muuzaji akaligeuza lile dubwana, akaona Kapteni amelibandika stika ya mistari ya dhahabu ya kirubani na jina lake, gundi imeingia kwenye vitufe. Akaturudishia kwa heshima zote. Na vile vifundo vya droo vilikuwa vimeshanunuliwa na mtu mwenye macho.

Tunarudi, mimi natukana chini chini. Tukapita stoo ya nyuma kutafuta nafasi ya boksi, haikuwepo, na hapo ukutani ilikuwa inaning'inia pampu ya baiskeli. Dada akasimama. Akaushika ule mpini wake, akausukuma ndani, akauvuta nje. Tena taratibu. Akanigeukia.

"Wewe vidole vyako vina haraka?"

"Kwenye kuandika? Sana."

Basi ikawa hivi. Pampu tukaifunga kwa mpira wa tairi chini ya meza, katikati, mkono wa kulia, mpini unamtazama yeye. Haijaunganishwa na kitu chochote, ni pampu tu. Mimi nikakaa ubavuni na kibodi mapajani, kwa sababu ile programu inakubali kuongeza na kupunguza nguvu kwa vitufe. Dada akisukuma pampu, nabonyeza cha kuongeza. Akivuta, nabonyeza cha kupunguza, kwa kadiri alivyovuta. Mimi, mwenye shahada yangu imetundikwa ukutani, nikawa injini.

"Injini, umekula?" mama anauliza kutoka jikoni.

"Bado, mama, tuko angani."

Mara za mwanzo nilikuwa nachelewa, tukaangukia mashambani. Kisha nikaacha kutazama skrini, nikawa natazama mkono wake peke yake. Ukaanza kujua. Usukani kushoto, pampu kulia, anaivuta polepole mpaka mwisho, magurudumu yanagusa, na ile pampu inatoa pumzi kidogo, fyuu, kama imechoka pamoja nasi.

Jumamosi Kapteni akaingia na marafiki zake. Amevaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani. Alikuwa amelinunua. Mtu mzima, na akili zake, ametoka kwao hivyo mchana kweupe. Akaona boksi la mipini yake kando ya sofa, akaona pampu.

"Hiki nini?"

"Mafuta," nikasema.

Mmoja wa rafiki zake akacheka, na hilo ndilo lililomuuma. "Umeniaibisha," akamwambia dada. "Mke wangu mimi, rubani, anapiga upepo mezani kama fundi baiskeli? Kitoe."

"Ninatua," dada akasema bila kugeuka. "Ngoja."

"Uchague. Mimi au hiyo pampu."

Dada akatua kwanza. Akaivuta pampu mpaka mwisho, nikabonyeza, tukasimama katikati ya njia. Ndipo akamwangalia Kapteni, kisha akaiangalia pampu, tena kwa muda, kama mtu anayefikiria kweli.

"Pampu ina kazi kesho," akasema.

Akavua pete, akaiweka juu ya boksi la mipini minne, akamsukumia vyote kwa mguu. Marafiki walimsaidia kubeba. Mama akamfungulia mlango, akamwambia, "Angalia hatua, Kapteni."

Mtihani ulikuwa asubuhi tulivu. Mimi na mama tulisimama nje ya uzio. Kale kandege kakaja, kakashuka, nami nikasikia injini inatulia mahali hasa ambapo mimi ningebonyeza. Kakagusa chini bila kuruka. Mtahini alishuka akampa dada mkono, na mama akakaa chini kwenye majani.

Na leo dada amebeba abiria wake wa kwanza. Kapteni naye alikuja, hakualikwa, na lile shati lake. Anawaambia walinzi, "Huyo mnayemwona nimemtoa mbali." Akafika mpaka kwenye ndege, akashika mlango wa mbele.

"Hapo anakaa mama," dada akasema. "Nyuma anakaa injini yangu. Wewe rudi uzioni, tunawasha."

Akarudi. Nilimwona kupitia kioo, mistari ya dhahabu inameta, anamweleza mlinzi kitu kwa mikono yote miwili.

Mama alikuwa amefumba macho, anasali. Dada akaweka mkono wa kulia kwenye kifundo cheusi, akakisukuma ndani. Vidole vyangu vikaanza kubonyeza vyenyewe, mgongoni mwa kiti cha mama, haraka haraka.

"Injini," mama akasema bila kufumbua macho, "tulia, tumeshaondoka."