Kopo la Bi Thirza

Nililoliona kwanza ni kwamba sukari ya Bi Thirza haikupungua. Wakati wa vita kila mwanafunzi wa chuo cha wanawake nilikofanya kazi ya usafi, pale Cambridge, alikuwa na kopo lake la sukari ya mgao, lenye jina. Wenzake walitia yao kwenye chai. Yeye hakuigusa yake miezi miwili.

Asubuhi moja nikifagia chumbani kwake, alirudi kutoka maabara amepauka.

“Enid, hamira imekufa yote! Haikutoa hata povu!”

“Uliiimbia nini, shoga?” Enid, mwenzake wa chumba, alimtania.

“Usicheke. Nililimbikiza sukari yangu yote niilishe. Lilikuwa jaribio langu la mtihani!”

Ufagio ulinidondoka.

Bi Thirza, ni mimi niliyekuwa nikiilamba sukari yako, nikijazia chumvi.