Asali ya Ipole

Amon alikuwa mrina asali wa Ipole, mwana wa mrina asali, na kwa jambo moja alikuwa mbishi kupita kiasi: kwamba hakuna kitu duniani kinachotunza kama asali. Kidonda alikitia asali, nyama ya porini aliitia asali, na mtu akimbishia, alimwonea huruma.

Mdogo wake, Flavia, aliota uvimbe pajani. Hospitalini Tabora Daktari Leodgar aliukata uvimbe huo, akatia kipande chake kwenye chupa nyeupe ya plastiki yenye dawa ya kuhifadhi nyama, akawaita ndugu wawili hao.

"Hizi saratani za nyama laini ni ukoo mkubwa," aliwaambia. "Kwenye hadubini zinafanana kama mbegu za tumbaku. Lakini kila moja ina kosa lake kwenye vinasaba, na kosa hilo linasomwa Mwanza. Tukilijua, tunajua dawa. Tusipolijua, tunapiga gizani, na ugonjwa huu hausubiri mtu."

"Na mguu wangu, daktari?" Flavia aliuliza.

"Dawa ikiwa yenyewe, mguu unabaki."

Amon aliipokea chupa kwa mikono miwili na kupanda basi la Mwanza siku hiyohiyo, Ijumaa. Angeiacha ilivyo, hadithi ingeishia hapa. Lakini kabla ya kufika Nzega alitaka kuiona nyama ya mdogo wake. Akafungua, machozi yakamtoka kwa ukali wa dawa, akafunga kifuniko vibaya. Harufu ikaenea ndani ya basi.

"Mzee, hicho kitu chako kinatuua macho," kondakta alifoka. "Kimwage, au ushuke nacho!"

Nzega, nyuma ya mgahawa, Amon aliimwaga ile dawa. Alimwonea Flavia uchungu wa kweli, kulowekwa kwenye uvundo kama ule. Aliiosha nyama kwa maji yake ya kunywa, akaijaza chupa asali aliyokuwa anampelekea mwenyeji wake wa Mwanza, Yahaya. "Sasa umelala pazuri, mdogo wangu," alinong'ona.

Basi liliharibika Tinde. Waliingia Mwanza jioni, maabara imefungwa hadi Jumatatu. Chupa ikakaa siku mbili kwa Yahaya, chumba cha bati, joto la kuoka mihogo.

Jumapili, akirudi kutoka kanisani, aliikuta imevimba. Alipolegeza kifuniko ilitoa pumzi ndefu, na povu likamtiririkia vidoleni. Hakuhitaji kunusa mara mbili. Kila mtoto wa Unyamwezi anajua kwamba asali ikiguswa na maji inachacha. Pombe ya wanzuki hutengenezwa hivyohivyo. Yeye, bingwa wa asali, alikuwa amemlowekea dada yake wanzuki.

Aliogopa. Tena aliona aibu, na aibu ndiyo ilishinda.

Jumatatu aliifuta chupa ikang'aa. Karani wa maabara alisoma karatasi iliyobandikwa, akauliza, "Imo kwenye dawa ileile ya hospitali?"

"Kama walivyonikabidhi," alisema Amon, na akarudi kwao na ule uongo.

Siku zikapita, wiki zikapita. Kila asubuhi Amon aliishika simu ili ampigie Daktari Leodgar, na kila asubuhi alijiambia kesho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema inakuwaje maradhi yakiwa ya mwenzako.

"Usikonde, kaka," Flavia alimtania. "Majibu mazuri huchelewa." Lakini alikuwa ameanza kuketi na mguu mmoja umenyooka, na akiinuka alishika ukuta. Amon aliona, akageukia mizinga yake.

Wiki ya nne waliitwa Tabora. Daktari alikuwa na karatasi moja mezani.

"Wameshindwa kusoma. Kipande kimechacha, vinasaba vimekatikakatika. Wanasema kilikuwa ndani ya asali." Aliinua macho. "Nani aliifungua ile chupa?"

Flavia alimtazama tu kaka yake, na Amon akasema yote, mpaka povu la Jumapili.

Daktari aliikunja ile karatasi. "Makosa ya njiani yanatokea, ndugu yangu. Sehemu kubwa ya uvimbe ilikuwa hapa hapa kwetu. Tunaitunza wiki mbili, kisha inachomwa. Ungenipigia Jumapili ile, au wiki iliyofuata, ningetuma kipande kingine siku hiyohiyo."



"Ilichomwa lini?" Flavia aliuliza.

"Wiki mbili zilizopita. Sasa sina cha kutuma. Sijui nitapata wapi kingine."

Flavia aliitazama mikono yake. Kisha, taratibu, kama mtu anayefunua chungu asichotaka wageni wakione, alikunja kitenge hadi juu ya goti. Kovu la upasuaji lilikuwa limepasuka ncha moja. Chini yake palikuwa na uvimbe mpya, mkubwa kuliko ule wa kwanza, na kando yake wa pili ulikuwa unaanza.

"Kipo, daktari," alisema. "Kata unachotaka. Ila safari hii asipewe kaka."

Daktari alivaa glavu, akaupima kwa vidole. Habari ya mguu kubaki hakuitaja tena.