Kocha Aliyekimbia Chakula cha Mchana

Gari lilikuwa limeshatoka mjini na bahari ilikuwa haionekani tena, friji ikigongana na kabati nyuma yetu, ndipo Séverine alipofungua kinywa. Alikaa katikati, paka mapajani. Mumewe alikuwa dirishani, mimi kwenye usukani.

"Fabrice," akasema, akiitazama barabara. "Huko tunakokwenda ndiko nitakakozeekea. Wakikufukuza tena utahama wewe na viatu vyako. Mimi sifungi tena sahani kwenye magazeti."

"Safari hii hawanifukuzi."

"Ndivyo ulivyosema kabla ya wale chaza."

Mimi nikakohoa ili nisicheke. Fabrice akafungua dirisha, ingawa kulikuwa na baridi.

Fabrice Courtadon, kama humjui, alikuwa mshambuliaji. Si wa wale wakubwa wanaochorwa kwenye vikombe vya kahawa, lakini katika daraja la pili la Ufaransa, miaka ya tisini, mabeki walimjua na hawakumpenda. Hakuwa na mbio wala chenga. Alichokuwa nacho ni kimoja, kutosubiri. Mpira ukidondoka popote karibu na goli, wenzake wakiwa bado wanafikiri, yeye ameshapiga. Siku nyingine ulimfikia muuza soseji nyuma ya goli, siku nyingine ulitikisa nyavu. Na bao ambalo hakufunga yeye alilidai vilevile. Beki wa upande wa pili akijifunga kwa goti, wa kwanza kukimbilia mashabiki mikono juu ni Fabrice. Timu ya taifa ilimwita mara moja. Alikaa benchi mchezo mzima, akapasha misuli kipindi chote cha pili, lakini umsikie anavyousimulia mchezo ule, utadhani aliumaliza na jezi imelowa.

Goti lilipokataa akawa kocha. Ukocha ulimkaa kama koti la kuazima, umepwaya mabegani na kubana tumboni. Alitaka wachezaji wote kumi wa ndani wawe washambuliaji, na kipa kama angeweza. Timu zake zilifunga mabao matatu na kufungwa manne, na watu walizipenda mpaka walipotazama msimamo wa ligi. Kisha anafukuzwa, naitwa mimi. Nilikuwa na gari la mizigo na sikuwa na kwangu, kwa hiyo tulifaana. Nimewahamisha kutoka kaskazini kwenda kusini, kusini kwenda magharibi, na sasa tulikuwa tunapanda milima ya Jura, kwenye mji unaoitwa Arbelay.

Sasa niwaeleze habari ya wale chaza. Kwa marais wa klabu niliowaona mimi katika nchi hii, kumfukuza kocha kwa simu ni utovu wa adabu. Rais wa klabu humwalika chakula cha mchana. Wanakaa, wanaagiza, wanazungumza habari za hali ya hewa na watoto, na mahali fulani katikati ya nyama na kahawa kocha anakuwa hana kazi. Fabrice alifukuzwa mara ya kwanza kwa bata, mara ya pili kwa samaki wa kuokwa, mara ya tatu kwa chaza dazeni nzima, mwanaume wa watu akiwa bado anakamulia limau. Mwishowe akajitungia elimu yake. Rais akikupa mkate wenye nyama ndani, ukaula umesimama, una msimu mmoja mbele. Ukikalishwa kwenye kitambaa cheupe, chunga. Na nyama ikiondolewa, kisha badala ya kahawa ikaletwa sahani ya jibini, jua rais anatafuta ujasiri wa kusema, na wewe umekwisha.

Arbelay walimpokea vizuri. Rais wa klabu alikuwa Aimé Jacquemoz, mzee mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye katika mapango yake chini ya mlima mapande ya jibini, mviringo kama magurudumu, yalilala mwaka mzima yakingoja kuiva. Mpwa wake Rémi alicheza winga ya kushoto. Mimi nilipaki gari kwa wiki moja ili mgongo wangu upumzike, na wiki ile haijaisha mpaka leo.

Séverine akapata kazi kwenye duka la dawa. Akalima vitunguu nyuma ya nyumba. Akanunua jiko la chuma zito ambalo wanaume watatu tulilibeba kwa matusi. Nikaelewa hapo kwamba alichosema garini hakikuwa mzaha.

Timu ikaanza kwa kufungwa. Ikafungwa tena. Mwezi wa kumi Jacquemoz akamsimamisha Fabrice nje ya uwanja.

"Bwana Courtadon, Alhamisi uko na nafasi? Twende kwa Odile tule kuku."

Odile alikuwa na mgahawa pekee wa mji wenye vitambaa vyeupe.

"Alhamisi nina jino," Fabrice akajibu.

Wiki iliyofuata lilikuwa tumbo. Kisha mama mkwe, ambaye alikuwa amekufa zamani. Kisha akadai daktari amemkataza kuku, na Jacquemoz aliposema Odile anapika pia samaki, daktari akakataza samaki. Akijua mzee anapita asubuhi kwenye duka la mikate, Fabrice alinunua mkate jioni, umekauka. Mara moja nilimkuta amejificha chumba cha mipira.

"Kocha, toka. Ameshaondoka."

"Amesema nini?"

"Amesema Odile amepata uyoga wa msituni."

"Unaona? Uyoga. Wananizika kwa heshima zote."

Na kwa kuwa mzee yule hakujua kufukuza mtu bila kumlisha, Fabrice akabaki kazini. Theluji ikaanguka. Timu ikapata sare, halafu ikashinda, halafu ikashinda ugenini, jambo ambalo muuza magazeti, alipopigiwa simu ya matokeo, aliomba lirudiwe mara mbili. Kufikia majira ya kuchipua walikuwa juu ya katikati ya msimamo. Mwaliko haukukoma. Ila sasa Jacquemoz aliutoa akitabasamu, na tabasamu lile lilimtia Fabrice hofu kuliko yote.

"Anatabasamu," akamwambia mkewe. "Yule wa chaza naye alitabasamu."

Séverine alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Nenda ukale, Fabrice. Mtu mzima huwezi kumkimbia kuku msimu mzima. Watu wananiuliza dukani kama una kidonda cha tumbo."

"Na wakinifukuza?"

"Nimeshakwambia. Sirudii."

Akaniomba twende wote. "Kaa meza ya pembeni, mzee. Nikianguka uniokote."

Nikakaa karibu na dirisha na supu yangu. Wao wakaletewa kuku aliyepikwa kwa mvinyo wa manjano, na uyoga. Jacquemoz akazungumza juu ya mvua. Akauliza habari za goti. Fabrice alikula kama mtu anayesubiri jina lake liitwe mahakamani. Odile akaja, akaondoa sahani. Akarudi na ubao wa jibini, jibini ya mzee mwenyewe, akauweka katikati yao.

Nikaona shingo ya Fabrice inabadilika rangi. Jacquemoz akapangusa mdomo, akavuta pumzi.

"Bwana Courtadon, mimi na wenzangu wa kamati tumefikiria sana…"

Mpira ulikuwa umedondoka. Fabrice akapiga.

"Usijisumbue, Aimé. Najiuzulu. Nimefukuzwa na wanaume wenye sauti kubwa kuliko yako, safari hii natoka kwa miguu yangu. Na kwa kuwa natoka, nikwambie. Rémi wako anakimbia kama kabati linaloshushwa ngazi. Nimempanga msimu mzima kwa ajili ya heshima yako. Na jibini hii tunaila kwa adabu tu. Ina ladha ya sabuni. Mji mzima wananunua ya wale wa ng'ambo ya mto, wanaificha chini ya mboga."

Odile alikuwa anafuta glasi. Akaacha. Wateja wa meza ya mlangoni wakatazama sahani zao, nami najua kwamba mmoja wao alikuwa na gurudumu la jibini la ng'ambo ya mto kwenye buti la gari lake.

"Nilikuita," Jacquemoz akasema polepole, "nikuongezee miaka miwili."

Fabrice akakisogeza kisu cha jibini pembeni.

"Mwezi wa kumi nilitaka kukufukuza, ni kweli. Hukuja. Sasa nilitaka ubaki." Akautazama ubao. "Sabuni gani?"

"Aimé, nilikuwa nasema tu. Mdomo umeniponyoka."

"Ya kufulia au ya kuogea?"

"Rémi anajitahidi, kwa kweli. Mguu wake wa kushoto…"

"Rémi namjua. Mama yake pia anajua, tulishalia tukamaliza. Nimekuuliza sabuni gani."

Jacquemoz akakata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu macho yamefumba. Kisha akainuka, akamlipa Odile, chakula cha wote watatu pamoja na supu yangu, akavaa kofia.

"Nimepokea kujiuzulu kwako," akasema, akatoka.

Tulirudi kwa miguu. Habari ilikuwa imetutangulia, maana Séverine alitukuta mlangoni bado amevaa koti jeupe la kazini.

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Nimejiuzulu."

"Walikuwa wanataka nini?"

Fabrice akanitazama mimi. Nikatazama vitunguu.

"Kuniongezea miaka miwili."

Séverine akakaa kwenye ngazi. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha bila sauti, mpaka akashika mbavu. Kisha akapangusa macho, akasema kwa upole kabisa, "Mimi sihami," akarudi kazini.

Kiangazi kile Fabrice akapata klabu nchini Tunisia, akaenda peke yake na sanduku moja. Alikaa hotelini, akila peke yake, akaacha kazi mwenyewe kabla ya mwaka kwisha. Séverine alimfungulia mlango, akamtandikia kitanda chumba cha nyuma. Kufikia Pasaka alikuwa amehamia chumba cha mbele. Sasa anafundisha timu ya wanawake ya Arbelay, ligi ya wilaya. Inafunga sana na kufungwa sana. Séverine ni meneja wa duka la dawa. Klabu ya wanaume ilishuka daraja msimu uliofuata na haijapanda. Jacquemoz aliuza mapango yake kwa wale wa ng'ambo ya mto, akafariki baada ya miaka michache, na Fabrice alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Rémi aliacha mpira, ana karakana ya matairi. Odile alifunga mgahawa, anaishi Lyon kwa binti yake. Paka alikufa kwa uzee.