Jiko la Vifaranga

Jua lilikuwa halijachomoza, na Naftaly alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa Bwana Mapema, akikwangua majivu ya jana kwenye jiko la chuma. Wafanyakazi ndio waliompa mzungu yule jina hilo, kwa kuwa kengele yake ya kazi ililia hata majogoo hawajawika. Jiko lenyewe lilikuwa limezeeka. Mlango umelegea, ubavu una ufa, na moshi ukipenda hutokea ufani badala ya kupanda bombani.

"Leo tunaenda Nakuru nunua jiko mupya," Memsahib, mke wa Bwana, alisema, blanketi mabegani. "Hii naleta moshi."

Naftaly alisimama akajipangusa mikono. Maneno aliyotaka kusema alikuwa ameyafanyia mazoezi wiki nzima akipasua kuni.

"Memsahib, hii nzee kama ni ya kutupa, naomba unipe mimi. Mtoto yangu iko mgonjwa ya kifua."

"Ndiyo, ndiyo," Memsahib alijibu, macho yakiwa dirishani. "Kama hii jiko hapana iko kazi ingine."

Naftaly alitoka pale kifua mbele. Asiyelala katika kambi ya Bwana Mapema hawezi kujua kwa nini mtu mzima afurahie chuma chenye ufa. Zamani waliishi katika nyumba za udongo na nyasi. Moshi ulijipenyezea paani, na udongo ukahifadhi joto hadi asubuhi. Ilipokuja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwawinda wapiganaji wa msituni, nyumba zile zilichomwa zote. Wakajengewa vibanda vya mabati, vimepangwa mstari mmoja ili iwe rahisi kuwalinda, maana mzungu akimwogopa mtu mmoja huwafunga kumi. Mabati hayo hayakuwa na tundu la moshi. Ukiwasha moto, mnakohoa nyote. Ukiuzima, umande unaganda ndani na alfajiri unawadondokea usoni. Na hii ndiyo Molo, ambako baridi haina msimu wa kupumzika.

Bintiye, Rasoa, alikuwa hajaanza hata kutambaa, na kila akivuta pumzi kifua kilipiga mluzi. Msimu uliopita kambi ilikuwa imezika watoto wawili kando ya shamba la miti ya miwati. Mganga wa zahanati alimwambia Truphosa, mama yake Rasoa, asimlaze mtoto penye baridi wala penye moshi. Asante sana, mganga. Ungemwambia basi na mahali pa kuhamia.

Jiko lenye bomba lingetoa moshi nje na kuacha joto ndani. Ufa angeuziba kwa udongo na majivu. Basi, hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Nakuru, katika duka la Muhindi wa vyuma, palikuwa na majiko mawili ya kuni. Dogo lilikuwa la kijani, lina maua mlangoni, na Memsahib alilipenda pale pale. La pili lilikuwa jeusi, tumbo kubwa, la kupasha nyumba nzima.

"Hii kidogo naweka sebuleni," Memsahib alisema. "Ile ya zamani tengeneza, weka kwa chumba ya kulala."

Kumbe la zamani halingetupwa tena. Memsahib akamgeukia.

"Wewe ndiyo nawasha. Wewe naona nini?"

Naftaly aliliangalia lile jeusi. Alijua vizuri kwamba litakula kuni mara mbili ya lile la zamani, na alijua mikono itakayozipasua ni ya nani. Acha mgongo uvunjike. Mgongo wake ulikuwa wake.

"Hii kubwa, Memsahib. Unawasha mara moja, nyumba yote inapata moto. Na kuni kidogo tu."

Muhindi aliitikia haraka kwamba ni kweli tupu. Nani amewahi kuona muuzaji akibishana na anayesifu bidhaa ya bei ghali? Jiko jeusi likapakiwa kwenye pikapu.

Kutoka dukani walipitia stesheni, kuchukua maboksi ya vifaranga waliokuja na treni. Naftaly alikaa nyuma wazi, jiko mgongoni na vifaranga wakilialia magotini. Kabla ya kuondoka, Memsahib alivua koti lake la sufi akawafunika. Walipofika Sachangwan ukungu uliwazingira, kisha manyunyu. Shati la Naftaly lililowa likamganda mwilini, na vifaranga walikuwa chini ya sufi. Hakulalamika. Alikuwa akitabasamu peke yake, akipima kwa akili ni pembe ipi ya kibanda itakayopitisha bomba.

Alasiri jiko jeusi lilikuwa limeshafungwa na linanguruma. Nyumba yote ikapata joto, Memsahib akapiga makofi. Bwana Mapema hakupiga. Alikwenda kuangalia rundo la kuni, akarudi uso umemwiva.

"Hii jiko nakula kuni kama treni!" alisema. Akamwita nyapara wake, Kimaiyo. "Ambia watu ya kambi. Kuanzia leo hapana mtu nachukua kuni kwa miwati. Kuni yote nakuja hapa nyumbani."

Miwati ilipandwa kwa ajili ya magome yake, yaliyouzwa kiwandani. Baada ya kubanduliwa, matawi yalibaki chini, na wanawake wa kambi waliyaokota. Huo ndio uliokuwa moto wao wote. Hakuna shamba jingine karibu, na msituni hakuingiliki bila kipande cha ruhusa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini Naftaly alikuwa amewatumbukiza na majirani.

"Na hii nzee, Bwana?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Memsahib alisema..."

"Hii peleka nyumba ya vifaranga."

Memsahib alimtazama, kisha akatazama zulia. "Pole, Naftaly. Kuku kidogo nakufa na baridi."

Naftaly aliinama kulinyanyua lile jiko. Kuku kidogo! Wale wawili kando ya miwati walikufa na nini?

Alilibeba jiko begani mwenyewe hadi nyumba ya vifaranga, nyumba ya mawe yenye dirisha la kioo na sakafu iliyotandikwa maranda ya mbao. Akaliziba ufa, akafunga bomba, akaliwasha. Vifaranga waliacha kulia, wakajilaza karibu yake wakafumba macho. Ilikuwa kazi safi. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

Kambini Kimaiyo alikuwa ameshagonga chuma na kutangaza. Chepkemei, jirani yao wa mlango wa pili, alimsubiri Naftaly njiani, mtoto wake mgongoni.

"Baba Rasoa, watu wanasema ni wewe ulichagua hiyo jiko."

Angeweza kukana. "Ni mimi," alisema. "Nilifikiri watanipa ile nzee."

Chepkemei alimweka sawa mtoto mgongoni. "Tutapika na nini sasa?"

Naftaly alishika njia ya nyumbani. Alipofungua mlango wa kibanda, Truphosa alikuwa amemkumbatia Rasoa ndani ya shuka, mluzi wa kifua ukisikika hata mlangoni.

"Jiko liko wapi?" aliuliza.

"Liko kwa kuku."

"Kwa kuku?"

"Kwa kuku, mama. Wanasikia baridi."

Truphosa hakulia. Alicheka kicheko kibaya, kikavu, na kicheko hicho ndicho kilichomaliza hofu ya Naftaly. Miaka yote ile alikuwa ametembea kwa ncha za vidole. Amepata nini?

"Mfunge mtoto mgongoni," alisema. "Twende."

Walipita katikati ya kambi, jua bado halijazama, hawakujificha. Ndani ya nyumba ya vifaranga Truphosa aliketi kwenye maranda, akamweka Rasoa mapajani kuelekea jiko. Baada ya kitambo mluzi ulipungua. Mtoto alinyoosha mkono kwa kifaranga, na kwa mara ya kwanza juma lile, mama yake alimwona anacheka.

Mlango ulifunguliwa. Ni Kimaiyo, rungu mkononi.

"Naftaly, wewe umerukwa na akili? Toa watu yako. Bwana anakuja kuangalia vifaranga. Nitamwambia nini?"

Naftaly alifungua mlango wa jiko, akaongeza gogo zuri la muwati.

"Mwambie wote ni wazima. Mwambie wamezidi mmoja."

Kimaiyo alifumbua mdomo. Kabla hajatoa neno, Chepkemei alipenya chini ya mkono wake, akamteremsha mtoto wake mgongoni, akaketi karibu na Truphosa bila kumwamkia mtu.

"Wawili," Naftaly alisema.

Nje, wanawake wengine walikuwa wakipanda njia ya kutoka kambini, na buti za Bwana zilisikika zikiteremka kutoka nyumbani. Kimaiyo alisimama pale pale kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Naye pia alikuwa na mtoto mdogo katika kibanda cha mabati.

"Nyapara," Truphosa alimwambia, "ingia ama toka, lakini funga mlango. Kuku kidogo watakufa na baridi."