Koti Lililolalia Upande Mmoja

Mwaisha aliijua ile bastola kabla hajaiona. Aliijulia kwenye koti.

Mumewe, Fikirini, alirudi Shinyanga kutoka Geita masika yakiisha, nusu ya njia kwa lori la Mhindi na nusu kwa miguu. Ndevu zilikuwa zimejaa vumbi, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyeuza vizuri. Wachimba dhahabu wa kule walikuwa wamezigombania chumvi na blanketi zake mpaka hakurudi hata na kamba ya kufungia mizigo. Mwaisha akamtilia maji ya kuoga, akanyoosha mkono ampokee koti alitundike, kama siku zote.

"Acha, nitalitundika mwenyewe," Fikirini akasema, akalivuta.

Tangu lini? Mwaisha hakuuliza. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Akaona koti linalalia kulia, kama gunia lililopakiwa vibaya. Akaona mumewe akikaa mkekani ananyoosha mguu wa kulia kwa uangalifu, kama mwenye jipu. La ajabu zaidi, binti yao Kijakazi, ambaye tangu ajue kukaa kiti chake kilikuwa nyonga ya kulia ya baba yake, sasa anabebwa kushoto. Mtoto mwenyewe aliona mabadiliko hayo na kulalamika.

Asubuhi yake akaja Bi Mageni na kibuyu chake cha maziwa. Bi Mageni alikuwa mama wa Kisukuma wa kijiji cha jirani, mtu mzima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Fikirini alikuwa Mzigua, na Wazigua na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya pembe. Kwa hiyo mama huyu aliingia uani bila kubisha hodi, akisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mtumwa wangu! Umerudi? Nilidhani fisi wa Geita wamekusaidia kufa."

"Wamenionja wakanitema," Fikirini akajibu. "Walisema nanuka maziwa yako yaliyochacha."

"Na hilo koti umemwibia nani? Linakuvaa wewe badala ya wewe kulivaa. Iko siku nitalichukua."

Fikirini akacheka, lakini mkono wake ukashuka upesi kwenye mfuko wa kulia. Kucheka ilikuwa lazima. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki, unakikomboa kwa analotaka yeye, mambo yanaisha. Mwaka wa jana Bi Mageni alimvua kofia mbele ya msikiti, akaivaa mpaka Fikirini alipokwenda kumchotea maji kisimani kama mwali, watu wakimshangilia. Mwaisha aliuona ule mkono ulioshuka. Akaona pia kwamba Bi Mageni ameuona.

Usiku huohuo, wakila ugali wa mtama, akauliza.

"Baba Kijakazi, mfukoni una nini?"

Fikirini akatafuna tonge mpaka likaisha ladha. "Bastola."

Alisema ameipata kwa Mzungu mmoja mchimbaji ambaye shimo lilimshinda. Alikuwa anarudi kwao mikono mitupu, na baridi inamtesa, wakabadilishana kwa blanketi.

"Na kibali cha Boma?"

"Nani ataiona?"

"Mimi nimeiona."

"Wewe ni mke wangu, unaniona mpaka mbavu. Askari ataona koti."

"Askari ana mke nyumbani aliyemfundisha kutazama," Mwaisha akasema. "Wakikushika nayo bila kibali, watu wa Boma hawatakuuliza biashara ilikwendaje. Watakufunga."

Fikirini akainamisha kichwa, na Mwaisha akaliona tena lile kovu nyuma ya sikio. Safari ya mwaka juzi wezi walimkuta peke yake porini, wakampiga, wakamvua kila kitu. Alirudi nyumbani amevaa gunia la pamba. Yeye Mwaisha ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto. Hakuwa na la kumcheka.

"Huko njiani nakuelewa," akasema. "Lakini humu ndani mwizi ni nani? Mimi, au Kijakazi?"

"Humu haina kitu. Nikifika nyumbani natoa risasi zote. Inabaki chuma, kama mchi tu. Usiogope mchi, Mama Kijakazi."

Siku zilizofuata Mwaisha akawa anajua ilipo bila kuonyeshwa, maana Fikirini alikuwa anapakwepa kwa macho mahali alipoificha. Asipotazama kitanda, imo chini ya godoro. Asipotazama kapu la pamba, imo kapuni. Kilichomsumbua Mwaisha ni kwamba kama yeye aliweza kujua hivyo, mtoto anayeingia chini ya kila kitu angejua zaidi.

Kisha mbuzi wa jirani akamla mtoto wa Kijakazi.

Mtoto mwenyewe alikuwa gunzi la muhindi, amevishwa kitambaa, na nywele zake za muhindi zimesukwa. Mbuzi alimtafuna mpaka akaisha, Kijakazi akilia na kumpiga kwa ufagio. Alilia mchana kutwa. Mwaisha akamwahidi kumtafutia gunzi jingine, akasahau, kazi zikawa nyingi.

Kesho yake Fikirini alikuwa barazani kwa jirani, anazungumza. Mwaisha alikuwa uani anapepeta mtama. Kijakazi akatoka ndani ameinama kidogo mbele, kama wanavyoinama wanawake waliobeba. Mgongoni amefunga mbeleko ya kitambaa cha zamani. Mkono mmoja umezunguka nyuma, unapigapiga polepole.

"Lala, lala, mbuzi ameondoka."

Mwaisha akatabasamu, akarudisha macho kwenye ungo. Halafu mikono yake ikasimama. Gunzi ni jepesi, hukaa popote unapolifunga. Hiki kitu kilikuwa kinaivuta mbeleko chini upande mmoja. Alikuwa ameshaona kitu kinachovuta nguo namna hiyo. Na chini ya kwapa la mtoto palichungulia kidomo cha chuma, cheusi, cha mviringo, kinatazama ukuta. Kijakazi akageuka, kikamtazama yeye.

Angepiga kelele, Kijakazi angekimbia. Alimjua mwanawe. Ukimkemea anadhani ni mchezo, anatimua mbio akicheka. Mwaisha akaweka ungo chini bila sauti, akasogea pembeni, taratibu, mpaka kile kidomo kikabaki kinatazama ua.

"Hodi hapa, Mama Nani," akasema.

"Karibu."

"Mtoto wako anaitwaje?"

Kijakazi akafikiri. "Mzito."

"Mashallah. Mbona halali?"

"Hataki. Ana meno."

"Basi simama hapohapo usitikisike, bibi yake ambembeleze. Mtoto mzito anavunja mgongo. Mkono wako uweke mbele, hivyo. Ehee."

Akapiga magoti nyuma yake. Akafungua fundo. Vidole vyake vilikuwa vya mtu anayetoa mwiba kwenye jicho. Akaishika bastola kwenye mti wa mpini, mbali na kile kijiti cha kufyatulia, akaenda nayo mpaka kwenye kinu, akaisimamisha ndani, mdomo chini, akafunika kwa ungo. Ndipo akakaa chini pale pale kando ya kinu na kumpakata mwanawe.

"Amelala?" Kijakazi akanong'ona.

"Amelala."

Akamwita mumewe juu ya ua kwa sauti ya kumwitia mtu chakula. Fikirini akaja anacheka bado na maneno ya barazani.

"Funua kinu."

Akafunua. Kicheko kikaisha. "Nani ameitoa?"

"Mwenye mtoto. Alimbeba mgongoni."

"Haina kitu, Mama Kijakazi. Wallahi haina kitu, nilizitoa zote."

"Nionyeshe."

Fikirini akaichukua, akaigeuzia ukutani, akakifungua kile kigurudumu cha risasi. Akaitikisa juu ya ungo ili mkewe aridhike. Ikaanguka risasi moja, tii, ikabiringika katikati ya mtama.

Fikirini akaitazama ile risasi, akamtazama mwanawe, akakaa chini taratibu kama mzee, akafunika uso kwa mikono miwili. Kijakazi akamfuata, akamtoa mkono mmoja usoni.

"Baba, usilie. Mbuzi ameondoka."

Kama Mwaisha angekuwa mtu wa maneno, angeyasema siku hiyo. Aliokota risasi ile, akaingia ndani, akazichukua na nyingine zilizokuwa kwenye kopo, akazifunga zote kwenye pindo la kanga yake, fundo juu ya fundo.

Jioni Fikirini akasema, "Nitaiweka juu ya dari." Baadaye akasema, "Nitainunulia kufuli." Na baadaye sana, gizani, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi siwezi kupita tena ile njia mikono mitupu."

"Najua," Mwaisha akamjibu.

Aliona wazi kwamba mumewe anataka kuachana nacho kile chuma, ila hajui jinsi ya kuufungua mkono. Akibembelezwa na mkewe atajiona mwoga. Alihitaji mtu wa kumnyang'anya ambaye hawezi kumkasirikia. Na mtu huyo alikuwa anakuja kila asubuhi na kibuyu.

Alfajiri Mwaisha akamngojea Bi Mageni njiani, akamweleza yote.

"Risasi ziko wapi?" ndilo lilikuwa swali la kwanza la Bi Mageni.

Mwaisha akamwonyesha fundo. "Na bastola nimeiona ikifunguliwa, ni tupu. Lakini usiitie mkono hata hivyo."

"Mkono wa nini? Mimi nataka koti." Bi Mageni akakitua kibuyu. "Na wanangu, Maduhu na wenzake, wanapeleka ng'ombe wa nyama Geita mwezi ukiandama. Wanaume wenye mikuki, mbwa na matusi. Mwizi gani atawasogelea? Mwambie mtumwa wangu aende nao. Lakini kwanza koti."

Fikirini alikuwa nyuma ya nyumba anatia udhu. Koti lilikuwa kwenye msumari, na bastola alikuwa ameirudisha mfukoni usiku. Alipomaliza na kugeuka, Bi Mageni alikuwa ameshalivaa, mikono imemfika kwenye kucha, anatoka mlangoni kwa maringo.

"Mtani! Mtani, tafadhali, siyo hilo!"

"Kwani nimechukua roho yako? Nimechukua koti."

Akashika njia ya sokoni. Watu walikuwa wanafungua maduka. Walipomwona mama wa maziwa ndani ya koti la Fikirini, wakaanza kushangilia. Fikirini akafuata nyuma kwa hatua za haraka, anatabasamu kwa meno yote, jasho linamtoka. Angemnyang'anya kwa nguvu angekuwa amevunja utani mbele ya mji mzima. Angepiga kelele kuna nini mfukoni, angekuwa amejifunga mwenyewe.

"Nitakuchotea maji," alimnong'oneza. "Nitakuchotea mwezi mzima."

"Maji ninayo."

"Nitakukatia kuni. Mtani wangu, malkia wangu, taja unalotaka."

"Tutafika, nitataja."

Mwaisha alifuata nyuma na Kijakazi mgongoni, pindo la kanga amelishikilia kwa ngumi. Aliona njia wanayoiendea. Fikirini naye aliiona, akaacha kutabasamu. Bi Mageni akasimama mbele ya lango la Boma, akavua koti, akalikunja vizuri, akampa.

"Humo ndani mimi siwezi kuingia na vazi la kiume, watanicheka," akasema, na sasa sauti haikuwa ya kuita ng'ombe. "Koti hili ni langu, nimelichukua. Kilichomo siyo changu. Kipeleke kwa wenyewe, kisha uniletee koti langu. Ndiyo kombozi. Ukitaka kugeuka nalo nyumbani, geuka. Sitakuita mtani tena."

Fikirini akamtazama mkewe. Mwaisha akafungua lile fundo kwa meno, akammiminia risasi kiganjani. Kijakazi akachungulia begani kwa mama yake.

"Baba, unampeleka Mzito kwao?"

"Ndiyo, mwanangu," Fikirini akasema. Akaingia.

Walingoja nje mpaka kivuli cha ukuta kikawa chembamba. Bi Mageni aliuza maziwa yake yote kwa wapita njia. Mwaisha hakunywa hata tone. Alikuwa anahesabu moyoni atakachompikia mumewe kama atatoka, na nani atampelekea chakula kama hatatoka.

Akatoka. Koti liko mkononi, jepesi, linapeperuka.

"Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa humo, amenifokea mpaka mate yamenifika," akasema. "Karani alikuwa anatafsiri, naye akaongeza ya kwake. Mzungu amesema nisingekuja kwa miguu yangu, leo ningelala ndani. Na wakiniona na nyingine sitaulizwa swali." Akavuta pumzi. "Wameichukua. Wakaniuliza nani aliyenishauri. Nikasema nilikuwa nakomboa koti kwa mtani wangu. Askari wa mlangoni ni Mnyamwezi, mtani wetu vilevile, alicheka mpaka akaegemea bunduki, Bwana Shauri akamfokea na yeye."

"Koti," Bi Mageni akasema, mkono umenyooshwa.

"Lote?"

"Kwani nilichukua nusu?"

Mwezi ulipoandama, Fikirini aliondoka na kina Maduhu na ng'ombe wao, mikuki ikiwa begani, wazi, kila mtu anaiona. Walipopita kumchukua waliiegemeza nje ya mlango kabla ya kuingia kunywa uji, na Mwaisha akaitazama ikiwa imesimama pale juani, akaona hana sababu ya kuitazama mara ya pili.

Asubuhi ya safari, Kijakazi alikuwa amekaa kwenye nyonga ya kulia ya baba yake, miguu inaning'inia, gunzi jipya limefungwa mgongoni. Hili lilikuwa jepesi mno, alilalamika, halina meno. Nje sauti ya kuita ng'ombe ilikuwa inakaribia, na Bi Mageni akaingia bila hodi, kibuyu kichwani, mikono ya koti ameikunja mpaka viwikoni.